Tusifute Kabla ya Kukagua

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu tuliombwa tuandike maoni kuhusu jambo linalotukera shuleni. Wenzangu wengi wameandika juu ya githeri, wengine juu ya matope ya njiani, nami siwalaumu kwani matope hayo nayajua vizuri. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa kama wao. Langu ni dogo kwa sura. Ni kuhusu tarakilishi ya ofisi, ile anayoitumia mhazili, na namna tulivyoitibu ilipougua muhula wa pili mwaka uliopita. Nasema tuliitibu vibaya. Nasema pia kwamba tulimwonea mtu, na mimi nilikuwa na ukweli mkononi nikanyamaza.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Mhazili aliwasha mashini kama kawaida, akafungua programu ya barua-pepe. Programu ikatokea, ikaonyesha uso wake kwa muda wa nusu dakika hivi, kisha ikapotea kama sungura aliyeona mbwa. Akaifungua tena, ikapotea tena. Mara ya tatu likatokea dirisha dogo likisema kwamba programu imeacha kufanya kazi na sasa itafungwa. Madamu akamwita mwalimu wa zamu, mwalimu wa zamu akamwita naibu wa mwalimu mkuu, na kufikia saa nne, wakati wa chai, shule nzima ilikuwa inasema ati kompyuta ya ofisi imeingia virusi.

Virusi vikishatajwa, swali linalofuata ni moja tu: nani alivileta? Ikakumbukwa kwamba Jumanne mchana mvulana mmoja wa kidato cha kwanza alikuja ofisini na flashi, ametumwa na nahodha kuchapisha orodha ya wachezaji wa kandanda. Hakuna aliyeikagua ile flashi. Hakuna aliyemwuliza mara mbili. Wazee wetu hapa, walioona moto wa 1992 na ule wa 2008, hutuambia kwamba uvumi hutembea haraka kuliko matatu ya Molo, na siku ile niliamini. Kabla ya kengele ya chakula cha mchana, kijana yule alikuwa njiani kwenda nyumbani kumleta mzazi.

Mama yake huchuma majani chai. Anayechuma hulipwa kwa kilo, na siku ambayo hukuingia shambani hakuna kilo, wala hakuna shilingi. Alhamisi alikuja, gumboti zimejaa matope, akasimama mbele ya ofisi akiambiwa mambo ya tarakilishi ambayo hakuyaelewa, naye akawa anaitikia tu, "Ndiyo mwalimu, nisamehe mwalimu." Nilimwona kupitia dirisha la darasa letu. Alikuwa anaomba msamaha kwa niaba ya mtoto ambaye hakuwa amefanya kosa lolote.

Ijumaa akaja fundi kutoka senta. Aliiangalia mashini kwa muda usiotosha kumenya kiazi kimoja, akasema, "Hii ni kufomati tu, kazi ya saa moja." Akalipwa shilingi 1,500. Na kweli, saa moja baadaye kila kitu kilikuwa kinang'aa. Programu ya barua-pepe ilifunguka, ikatulia, haikupotea tena. Isipokuwa ilikuwa tupu! Barua zote za miaka mitatu zilikuwa zimekwenda na maji. Kumbe akaunti yetu ilikuwa ya ile aina inayozichukua barua kutoka kwa seva na kuzileta zote ndani ya mashini moja, bila kubakisha nakala nyuma. Mojawapo ya barua hizo ilikuwa na orodha ya waliopewa basari muhula ule. Dada mmoja wa darasa letu alikaa nyumbani wiki mbili akisubiri jina lake lithibitishwe upya. Alirudi akatukuta tumemaliza mada mbili za hisabati, na mtihani ulikuwa Jumatatu.

Mtu ataniuliza, je, mhazili hakuweza kutumia simu kama watu wote? Angeweza kusoma barua mpya, naam. Lakini barua za ofisi huja na fomu za kuchapishwa, kutiwa muhuri na kurudishwa, na zile za zamani hazikuwa kwenye simu wala mahali pengine popote.

Sasa nifike pale panaponiuma. Jumanne ile jioni ilikuwa zamu yangu ya kufagia ofisi. Mhazili alikuwa ameshaondoka kuwahi matatu. Mvua ilikuwa imeanza, ile mvua yetu ya Julai inayotoka upande wa msitu wa Mau bila kubisha hodi. Skrini ilikuwa inawaka rangi ya buluu, vidoti vinazunguka, na maandishi yanasema kwamba masasisho yanaendelea, asilimia 35, usizime tarakilishi yako. Nilisimama na ufagio nikivitazama vile vidoti. Radi ikapiga, stima ikapotea, na mashini ikafa kifo cha ghafla. Nikamaliza kufagia gizani, nikafunga mlango, nikakimbia nyumbani.

Asubuhi niliposikia habari ya virusi, sikuwa na ujuzi wa kuunganisha mambo haya mawili. Lakini moyo uliniambia yanahusiana. Kwa nini sikusema? Kwa sababu niliogopa kuambiwa kwamba mimi ndiye niliyeizima. Hiyo ndiyo sababu yote, na sina nyingine ya kuipamba.

Likizo ya Agosti nilikwenda Nakuru kwa mjomba wangu, ambaye hutengeneza tarakilishi katika chumba kidogo mjini. Nilimsimulia kisa chote. Alicheka mpaka akaweka chini bisibisi. "Mpwa wangu," akaniambia, "nyinyi watu wa baridi mnapenda virusi kama mnavyopenda viazi. Kwanza si muiulize mashini yenyewe? Hiyo huandika kila kitu." Basi akanionyesha. Ndani ya Windows kuna daftari la matukio ambalo watu wengi hawalifungui maisha yao yote. Kila programu inapoanguka, mashini huandika humo jina la programu, saa na dakika ilipoanguka, na jina la faili iliyokuwa ikitumika wakati huo. Tukio la namna hiyo huwa na namba 1000. Nilishangaa! Sisi shuleni tulikuwa tumeitisha mzazi, fundi na baraza la nidhamu, na hakuna aliyemwita shahidi aliyekuwa ndani ya mashini.

Mjomba alinieleza kwa mfano ambao sijausahau. Programu ya barua-pepe, alisema, ni kama mpishi mgeni aliyekuja kupika jikoni kwenu. Sufuria na mwiko ni vyake, lakini mafiga, maji na kuni ni vya nyumba. Figa moja likipasuka, chungu kinapinduka, na wenye nyumba wanaanza kumtukana mpishi. Mafiga hayo ndiyo faili za mfumo. Programu haiandiki barua peke yake. Ikitaka kuchora dirisha, kufungua faili au kuongea na intaneti, huazima kazi hiyo kutoka kwa faili za Windows, nyingi zikiwa na majina yanayoishia kwa herufi DLL. Faili moja ya hizo ikiwa na nusu mpya na nusu ya zamani, programu inayoiegemea huanguka, ilhali nyingine zisizoihitaji huendelea kama kawaida. Ndiyo maana mashini yetu iliwaka vizuri na kuandika barua za kawaida, lakini ikashindwa na barua-pepe tu. Sisi tulilichukua jambo hilo kuwa dalili ya uchawi.

Na stima inaingiaje? Tarakilishi haiandiki kwenye diski mara moja kila unapoiambia. Huweka mambo kwanza katika kumbukumbu ya muda, kisha huyapeleka kwenye diski kidogo kidogo. Stima ikikatika katikati, kilichokuwa bado njiani kinapotea. Mfumo wa diski wa siku hizi, unaoitwa NTFS, hujiwekea kumbukumbu ya mabadiliko ili usipoteze ramani ya mahali faili zilipo, lakini ramani kuwa nzima si hakikisho kwamba kilichomo ndani ya faili ni kizima. Wakati mbaya kuliko wote ni ule wa masasisho, kwani hapo ndipo faili za mfumo zenyewe zinapobadilishwa. Mimi niliyasoma kwa macho yangu yale maneno ya kuonya, asilimia 35, nisijue nasoma nini.

Wala tusidhani kwamba stima hupotea Olenguruone peke yake. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, giza liliingia karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa. Desemba 10 mwaka huohuo giza likarudi. Fikirini ni tarakilishi ngapi katika ofisi za machifu, zahanati na shule zilizimika katikati ya kazi usiku ule, na ni ngapi zilifomatiwa wiki iliyofuata kwa kosa la kuitwa zina virusi. Siijui hesabu, lakini siamini kwamba yetu ingekuwa ya pekee.

Katika wiki nilizokaa kwa mjomba zililetwa mashini nne zenye ugonjwa wa aina hii, na nikaona jinsi anavyozitibu. Jambo lililonigusa ni kwamba hatua yake ya kwanza haikuwa kutengeneza chochote. Ilikuwa kunakili barua. Akichukua mashini inayotumia Outlook, kwanza hutafuta ile faili moja kubwa yenye jina linaloishia kwa PST, ambamo barua zote hukaa, akaiweka kwenye diski nyingine pembeni. Wanaotumia Thunderbird nao wana folda yao. Kunakili faili hiyo kulimchukua dakika sita. Dakika sita! Dada yule alikaa nyumbani siku kumi na nne.

Baada ya hapo ndipo aliifungua programu huku ameshikilia kitufe cha Ctrl, ili Outlook iingie katika hali ya usalama, bila vile viambatisho vinavyojiwekaweka juu yake. Ikifunguka vizuri hivyo, basi mfumo hauna neno, na kinachosumbua ni kiambatisho fulani. Unavizima kimoja kimoja mpaka umpate mwizi. Ikianguka hata hapo, anakwenda kwenye daftari la matukio kusoma jina la faili. Alinionya kwamba jina hilo ni la kupeleleza, si la kuhukumu. Mara nyingi hutajwa faili iitwayo ntdll.dll, na yenyewe haina hatia. Ni kama mtu aliyekutwa amesimama karibu na kioo kilichovunjika. (Hapo nilimkumbuka mvulana wa flashi, nikainamisha kichwa.)

Kisha akafungua lile dirisha jeusi la amri, kwa mamlaka ya msimamizi, akaandika amri mbili. Ya kwanza ni hii: DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth. Hii hukagua ghala ambamo Windows huweka nakala safi za faili zake, na ikikuta ghala lenyewe limeharibika huagiza nyingine kutoka kwa Microsoft kupitia intaneti. Huko kwetu ambako bando ni la kununua kwa kujinyima, unaweza kuielekeza ichukue kutoka kwa diski ya kusakinishia Windows ya toleo lilelile. Namba za asilimia huweza kusimama palepale kwa muda mrefu hadi ukadhani imelala. Usiizime. Mjomba alikwenda kunywa chai na kurudi. Ya pili ni fupi: sfc /scannow. Hii ndiyo inayopita faili za mfumo moja baada ya nyingine, ikilinganisha kila moja na nakala safi iliyo ghalani, na ikikuta iliyoharibika huiondoa na kuweka nzima mahali pake. Barua zako haizigusi. Picha zako haizigusi. Mwisho hukupa mojawapo ya majibu haya: kwamba haikuona kasoro, kwamba iliona kasoro na ikaitengeneza, au kwamba iliona kasoro nyingine zikaishinda. Ukipata jibu la mwisho unarudia, na ukitaka kujua ni faili zipi hasa, orodha imo katika kumbukumbu inayoitwa CBS.log.

Mashini tatu kati ya zile nne zilipona kwa njia hiyo. Katika moja yazo programu ilikuwa imepona lakini faili ya barua nayo ilikuwa imejeruhiwa stima ilipokatika, ikabidi itumiwe scanpst, kifaa kinachokuja pamoja na Outlook kwa kazi hiyo tu. Ya nne ilikataa katakata. Diski yake ilikuwa inatoa sauti ya tik, tik, tik, na mjomba akasema huyu ni mgonjwa wa kuzikwa, tununue diski nyingine. Kwa hivyo sisemi kwamba kufomati ni dhambi. Wakati mwingine hakuna njia nyingine. Ninachopinga ni kuanza na jeneza kabla ya kumpima mgonjwa joto.

Jambo hili la kukagua si geni, wala si la wataalamu wa ng'ambo peke yao. Katika miaka ya 1990 kila programu mpya uliyoiweka ilikuja na faili zake za DLL, na mara nyingi ilizitupa juu ya zile za zamani bila kuuliza. Ukiweka mchezo leo, kesho programu ya barua inakufa. Watu waliiita hali ile jehanamu ya DLL. Windows 98 ndiyo iliyokuja na kifaa cha kukagua faili za mfumo, na Windows 2000 ikaongeza ulinzi wa kuzirudisha zilizobadilishwa kiholela. Yaani dawa hii ni kubwa kwangu kwa umri! Imekuwa ndani ya mashini kabla sijazaliwa, na bado tunamlipa mtu 1,500 aifute.

Tena dunia yenyewe ilipewa somo hili Julai 19, 2024. Kampuni ya Marekani ya usalama wa tarakilishi, CrowdStrike, ilituma sasisho lenye kosa, na kwa makadirio ya Microsoft mashini za Windows zipatazo milioni 8.5 zikaanguka. Ndege hazikuruka, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Je, walizifomati zote? La hasha. Waliziwasha katika hali ya usalama, wakaitafuta faili ile moja yenye kosa, wakaifuta, wakaziwasha upya. Ilikuwa kazi ngumu kwa sababu ya wingi wake, lakini mtu wa zamu aliulizwa faili gani, hakuulizwa nani aliingia ofisini na flashi.

Nimewasikia wanaopinga. Mmoja wa walimu wetu, ninayemheshimu sana, aliniambia kwamba shule si gereji, na kwamba mwanafunzi akiachiwa aandike amri kwenye dirisha jeusi ataiua mashini kabisa. Ana haki kwa upande mmoja. Zipo amri ambazo ukizikosea herufi utajuta, na sipendekezi kila mwenye vidole akaribishwe. Nakubali pia kwamba kuna virusi vya kweli, na flashi zetu hizi zinazozunguka kama vikombe vya harusi zinavibeba. Zikaguliwe kila zinapoingia. Hata hivyo kukagua faili za mfumo hakubomoi kitu, na mhazili mwenyewe anaweza kuifanya kazi hiyo akiwa na karatasi mbele yake. Hatari ninayoiona ni ile nyingine: mtu akishaona programu inaanguka anakwenda kwenye intaneti, anatafuta jina la DLL, anaipakua faili hiyo kutoka mahali asipopajua na kuitia ndani ya mfumo. Huko ndiko virusi vya kweli vinakopatikana. Faili ya mfumo hutolewa na mfumo wenyewe, si sokoni.

Kuna waliosema mashini zetu ni kuukuu, hazistahili taabu yote hii. Ni kuukuu, kweli. Nyingi zilikuja zikiwa zimeshatumika kwingine, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tangu Oktoba 14, 2025, ilhali nyingine kati yake haziwezi kubeba Windows 11. Lakini mimi kwetu tuna ng'ombe mzee pia. Hatumchinji kila akikohoa.

Basi ninataka nini? Ningependa ofisi inunue yu-pi-esi, lile sanduku zito lenye betri, walau moja, ili stima ikipotea mhazili apate dakika chache za kuzima mashini kwa heshima. Masasisho yafanywe asubuhi wakati mtu yupo na anga ni safi. Jioni za Julai na Agosti huku kwetu ni za radi. Akaunti ya barua ibadilishwe iwe ya IMAP, ambayo huziacha barua kwenye seva, sawa na mtu anayesoma barua zake posta na kuziacha ndani ya sanduku badala ya kuzibeba zote nyumbani kwenye nyumba inayovuja. Na kando ya mashini liwekwe daftari la mkono ambamo kila atakayeona jambo ataandika: stima ilipotea saa ngapi, skrini ilikuwa inasema nini. Lau daftari hilo lingekuwepo, ningeandika mstari mmoja Jumanne ile bila kumkabili mtu yeyote, na pengine uoga wangu usingekuwa na kazi ya kufanya.

Kuhusu yule mvulana, naomba kitu kimoja ambacho hakigharimu shilingi. Mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mashini kabla daftari la matukio halijafunguliwa na kusomwa mbele yake. Hii ni kazi ya dakika tano. Kwa mwanafunzi wa kutwa, kurudishwa nyumbani si matembezi. Ni kilomita za matope, ni masomo yaliyopotea, na ni mama aliyeacha kikapu chake shambani.

Muhula wa tatu mwaka jana nilikwenda kwa naibu wa mwalimu mkuu nikamweleza yote, kuanzia ufagio hadi asilimia 35. Nilitarajia viboko vya maneno. Alinyamaza kwa muda, akaniuliza kama niko tayari kuyasema hayo mbele ya kijana mwenyewe, nikasema ndiyo. Kijana alisikiliza akitazama viatu vyake. Kisha akauliza swali moja tu: "Na mama ataambiwa na nani?" Jumamosi iliyofuata nilimpata mama yake kwenye kituo cha kupimia majani chai, nikamwambia mimi mwenyewe. Aliniuliza kama nimekula.

Mwezi wa pili mwaka huu programu ya barua-pepe ilianza tena kuanguka, siku moja baada ya stima kupotea mara tatu. Mhazili aliniita wakati wa chai, naibu akiwa amesimama nyuma yetu na mikono mfukoni. Tulinakili barua kwanza. Tukaandika ile amri fupi, tukasubiri kama dakika ishirini, na jibu likaja kwamba kasoro zilionekana na zimetengenezwa. Barua zote zilikuwemo. Madamu akaniomba nimwandikie amri zile mbili kwenye karatasi, nami nikaziandika kwa wino mwekundu, herufi kubwakubwa, na imebandikwa kwenye ukuta karibu na swichi.